Mapambo ya albamu yamejaa kwenye laptopu, nyie mnayapangaje?

Bi_Raskazone
Habari za saa hizi wadau. Mie nipo Tanga, natengeneza albamu za kidijitali, yani nachukua picha za mtu za harusi au arobaini ya mtoto nazipangia kurasa na karatasi za nyuma, fremu, maua, ribini, herufi, halafu zinaenda kuprintiwa. Vifaa nakusanya tangu 2019 na kila seti niliyodaunlodi, yani mapambo yaliyotengenezwa pamoja, iko kwenye folda yake vilevile ilivyokuja. Wiki iliyopita nina harusi ya watu wa Ngamiani nataka lile ua la asumini nililolikata mwenyewe kwenye picha ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia cha wanawake, nalijua ninalo, nimetafuta toka magharibi mpaka usiku mkubwa sikuliona, maana mafaili yote yanaitwa el_12, el_13, utajuaje kipi ni kipi? Nivunje seti, maua yakae na maua, ribini na ribini, au niziache?

fundi_pikseli
Dada usivunje. Aliyeitengeneza seti ameshalinganisha rangi zake, ukizitawanya kuzirudisha ni kazi ya mwezi. Weka tagi. Daunlodi digiKam, ni programu ya bure ya kupangia picha, hilo ua lipe tagi ua, nyeupe, harusi, faili linabaki palepale ila ukisachi nyeupe linakuja na wenzake wote. Tagi za Windows yenyewe usihangaike nazo, picha ya aina ya JPG inakubali, ya PNG inagoma, na mapambo yasiyo na bakgraundi karibu yote ni PNG. Na andika tagi zako pembeni kwenye daftari, ukiandika ua leo na maua kesho ushaharibu.

mkekaMbili
Mie niko Bagamoyo, mapambo yangu mengi nayatoa kwenye kanga. Skana yangu ndogo kanga haiingii, basi naitandika barazani asubuhi kabla jua halijafika naipiga picha vipande vipande. Kanga yenyewe ishajipanga: kuna pindo la pembeni, kuna mji wa katikati, kuna jina, yani yale maandishi. Kwahiyo naandika kanga07_pindo, kanga07_mji, kanga07_jina. Pindo natumia kuzungushia ukurasa, mji unakuwa karatasi ya nyuma, jina nalikata linakaa chini ya picha kama kichwa cha habari. Nikitaka kanga nzima nasachi kanga07, nikitaka mapindo yote nasachi pindo, na sijahamisha kitu. Hata za kudaunlodi nazipa majina hivyohivyo, seti kwanza halafu kazi yake. Ukuta wa matumbawe nilioupiga picha kwenye magofu ya Kaole naandika kaole_karatasi, basi. Karatasi zangu zote nazikata pikseli 3600 kwa 3600, inchi 12 kwa 12 hiyo kwa dpi 300, yani nukta 300 kila inchi, hazitoki na ukungu kwenye printi.

mzee_wa_leseni
Samahani bibie, hapo kuna kitu kimerukwa. Wewe unalipwa. Seti nyingi za bure ndani ya faili la zipu unalodaunlodi kuna kafaili ka maandishi watu wanakafuta, humo mwenyewe kaandika ni matumizi binafsi tu. Kabla ya maua na ribini fungua folda mbili, ya biashara na ya nyumbani, na kale kafaili kabaki ndani ya seti yake. Fonti za herufi nazo hivyohivyo, tena fonti ndo zinasahaulika kabisa. Isiyo na maelezo iende nyumbani mpaka umuulize mwenyewe.

Bi_Raskazone
Shukrani sana wote, na mzee umenishtua kwa kweli. Jana nimefungua seti 31, 12 tu ndo zinaruhusu biashara, zingine nimezihamishia nyumbani na nimejisikia vibaya kwa wale waliozitengeneza. Majina nafata ya mkekaMbili, nimeanza na maua kwasababu ndo ninayoyatafuta kila siku. Asumini nimeiona! Ilikuwa kwenye folda ya picha za simu. Sasa inaitwa kikuba01_ua. Fundi, hizo tagi kwenye digiKam nikihamia laptopu nyingine zinakuja nazo?

fundi_pikseli
Zinakuja, ila kwenye setingi washa ile ya kuandika tagi ndani ya faili lenyewe, usipoiwasha zinabaki kwenye databesi ya programu tu. Na kopi moja weka kwenye hadi diski ya nje leo hii.