Naombeni ushauri: nozeli za keki nilizochonga nyumbani zinachana krimu

Asali ya Kilombero: Habari zenu wanajukwaa. Niko Ifakara, naoka keki nyumbani kwa sufuria na mkaa juu na chini. Nozeli za kupambia sijazipata madukani huku, basi nikajichongea za bati: nyota, waridi na jani. Meza ya kuzungushia keki nimepanga mifuniko miwili ya sufuria na gololi katikati, inazunguka vizuri kabisa. Kasoro ni krimu. Ikipita kwenye nyota inatoka imechanika pembeni, na ua likikaa nusu saa linalala. Siku ya pili hii silali. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Ngosha Mtulivu: Panda basi asubuhi uende Kariakoo, zimejaa tele. Unajitesa bure.

Mama wa Pacha: Dada, hayo ni mambo mawili. Ua linalala kwa joto. Siagi kwenye nyuzi 32 hivi inaanza kuachia, na huko kwenu mchana mnafika hapo bila shida. Changanya nusu siagi nusu kimbo, upambe alfajiri. Kuchanika kunatokana na aisingi shuga yenye chembe, au meno ya nozeli yenye makwaruzo. Chekecha kwa kitambaa cha shashi mara mbili. Hilo bati ni la nini?

Kibo Baridi: Sisi Wachaga keki yetu ni ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, unaipamba kwa majani mdomoni basi. Nozeli ya nini 😂

Bi Mshumaa: Mwanangu, mimi nilioka keki ya ghorofa mbili ya kipaimara, nikaipakia kwenye bajaji. Sikuweka nguzo ndani. Tunafika kanisani, ya juu imezama ndani ya ya chini kama kiti cha mchanga. Nililia mbele ya padri. Tangu siku ile nachomeka mirija minene ya juisi, naikata sawa na kimo cha keki ya chini, halafu juu yake kipande cha boksi kilichofungwa foili. Usisahau nguzo.

Asali ya Kilombero: Ahsanteni sana. Nauli ya Dar sina, hela yote imeishia kwenye mayai na unga. Nimechekecha na kimbo nimeweka. Ua sasa linasimama ila bado linachanika.

Mama wa Pacha: Nimeuliza bati ni la nini.

Asali ya Kilombero: Ni kopo tu, nimeliosha vizuri.

Mama wa Pacha: Kopo la nini, dada?

Asali ya Kilombero: La dawa ya mbu ya kupuliza. Lakini lilikuwa limeisha kabisa! Nimeosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni, nikasugua na majivu. La maziwa nilijaribu, linapinda. Hizi nimechonga sita, kila moja saa nzima, vidole vyote vina plasta. Na keki ni ya sendofu Jumamosi, nimeshapokea advansi ya 80,000. Krimu inapita pale sekunde moja tu, haikai.

Mzee wa Busara: Binti, umepokea hela ya watu kabla hujawa na vifaa. Vijana mnapenda kuanzia mwisho. Rudisha advansi ulale.

Mama wa Pacha: Hata sekunde moja usijaribu. Dawa zile zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo maji yako ya moto hayajazitoa zote. Na krimu ni nini kama si mafuta? Ndiyo itakayozibeba. Halafu kopo lenye gesi usirudie kulitoboa, hata ukidhani limeisha. Linaweza kukulipukia usoni.

Mtani wa Mjini: Jamani hii chai. Mwezi wa tatu akaunti hii hii ilileta uzi wa klachi ya pikipiki, ikajiita baba wa watoto wawili. Leo ni binti wa keki. Kesho atakuwa mganga.

Ngosha Mtulivu: Nilishangaa mimi, mtu akate bati ngumu kwa mkono. Leta picha.

Kibo Baridi: Chai ya tangawizi kabisa hii.

Asali ya Kilombero: Akaunti ni ya kaka yangu. Ni fundi pikipiki na mkasi wa bati ni wake, ndiyo maana nimeweza kukata. Picha siweki, mwenye sherehe anapita humu. Mniamini msiniamini, Jumamosi ni keshokutwa.

Bi Mshumaa: Iwe chai iwe maji, yupo atakayesoma uzi huu akiwa na kopo mkononi. Mpeni njia.

Mama wa Pacha: Chukua karatasi ya kuokea, kata pembetatu, ikunje iwe kama ile pakiti ya karanga za barabarani, ncha iwe kali. Jaza nusu tu, kunja juu. Ukitaka jani, bana ncha iwe bapa, ukate pande mbili ikae kama mkuki. Mistari na nukta, kata ncha kidogo sana. Ubavuni mwa keki pitisha uma safi, unapata mifereji mizuri. Kunyoosha, tumia rula mpya.

Asali ya Kilombero: Nimejaribu usiku huu. Jani limetoka, mpaka nimemwita mama aje aone. Nyota bado. Ila ncha inalowa nikishatoa majani kama kumi, halafu inapanuka. Zile sita bado ziko kwenye bakuli, sijazitupa, nazionea uchungu.

Mama wa Pacha: Kunja nyingine nane leo, zipange pembeni, ikilowa moja unashika nyingine. Nyota achana nayo, keki ya majani matupu inapendeza sana. Na hilo bakuli, mpe kaka akafukie zilizomo.

Asali ya Kilombero: Nane zinatosha kwa ghorofa tatu?

Bi Mshumaa: TATU? Kaa hapo hapo, nakuja na hesabu ya mirija.