Tupeane uzoefu: Umewahi kumpandisha mbwa mdogo mlimani huku kwetu kusini?

Baba Kashata, Mtwara Mjini

Wakuu, salaam. Najua wengi wetu tunafuga mbwa kwa ajili ya mwizi na siyo kwa ajili ya matembezi, lakini naomba wenye uzoefu tukae kikao. Umewahi kusafiri na mbwa mdogo kwenda mlimani au msituni pande hizi za Mtwara na Lindi? Ilikuwaje? Naanza mimi.

Kashata ana kilo 5. Mama yake ni Maltese wa watu, baba yake mbwa koko wa Shangani ambaye mpaka leo hajajitokeza kudai mtoto. Likizo ya mwaka huu mimi na mke wangu tulipanga kwenda Milima ya Udzungwa. Sifa za maporomoko ya Sanje tulikuwa nazo kichwani, maji yanashuka mita 170, na picha tulishaipanga: Kashata mbele, sisi nyuma. Bahati nilipiga simu kabla ya kutia mafuta. Dada aliyepokea alicheka kidogo, kisha akasema, "Kaka, hifadhi ya taifa mbwa haingii, hata wa kukaa mfukoni."

Wa kumwachia hatukuwa naye. Mama mkwe anamwogopa, na jirani yetu ni mtu wa swala tano, siwezi kumtwisha mzigo huo. Mke wangu akasema mlima si lazima uwe wa Morogoro, twende Newala tukaone Shimo la Mungu.

Tulitoka Mtwara alfajiri, mwezi wa saba. Kosa la kwanza ni langu: nilimpa wali na dagaa ili asife njaa njiani. Tulikuwa hatujafika Nanyamba ameshatapika mara mbili, moja kwenye kiti, moja kwenye kiatu changu. Kosa la pili nalo langu. Nilimshusha akojoe chini ya mikorosho, nikasahau kwamba ndio msimu wa kupuliza salfa. Wenye mashamba mnaijua ile vumbi ya njano ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mtu mzima anaivuta anakohoa, sasa yeye pua iko kimo cha kiganja kutoka ardhini. Alijigaragaza humo kama kapewa zawadi. Dakika chache baadaye macho mekundu, chafya mfululizo, na anajilamba. Nusu ya dumu la lita 5 tuliloweka la kunywa ikaishia kumwosha.

Hapo ndipo hesabu ya maji ilipoharibika. Uwanda wa Makonde ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja, chemchemi zinatokea chini kabisa kwenye miguu ya uwanda. Bibi zetu walikuwa wanashuka bondeni usiku na kupanda na maji kichwani. Siku hizi kuna mabomba, lakini mtu wa Newala hamwagi maji ovyo, na wewe mgeni huwezi kupiga hodi na kusema, samahani, naomba maji ya mbwa.

Tulipofika, Kashata alikuwa hoi. Mke wangu akamfunga mgongoni kwa kanga, mbeleko kabisa, kichwa kimefunikwa. Tukapita penye bibi mmoja anaanika makopa. "Hongera mwanangu. Wa kike wa kiume?" Mke wangu kwa uchovu akajibu, "Wa kiume, bibi." Bibi akasogea amwone mtoto. Kashata naye akatoa pua.

"Ntu gani anambeba mbwa mgongoni?"

Tulicheka sisi tu. Bibi alirudi nyuma hatua mbili, akakusanya nguo zake zisiguswe. Nikaanza kuomba radhi. Yeye hata hakunisikiliza, alikuwa anautazama ulimi wa Kashata ulivyoning'inia. Akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kifuu cha nazi, akakiweka chini mbali na yeye. Kashata akanywa mpaka akalamba nyuzi za kifuu. "Akimaliza nendeni nacho hicho," bibi akasema. "Mimi sikitaki."

Shimo la Mungu lenyewe sitalieleza sana, aliyefika anajua: unasimama ukingoni, ardhi inakatika, bonde la Ruvuma lote liko chini yako na Msumbiji iko ng'ambo ile. Upepo wa mwezi wa saba pale unakata. Nikamteremsha Kashata apige picha yake. Mjusi akapita. Wakuu, yule mbwa ambaye dakika 10 zilizopita alikuwa anabebwa kama kichanga alifyatuka kuelekea ukingoni, kamba ikaniunguza kiganja. Ilibaki kama hatua tatu. Tulirudi kwa njia ya Masasi na mke wangu hakunisemesha mpaka Ndanda.

Haya, leteni za kwenu.

Korosho Ghafi, Tandahimba

Watu tunawaza mnada, wewe unawaza mbwa aone Msumbiji.

Mstaafu wa Mifugo, Nachingwea

Baba Kashata, umesimulia vizuri lakini hujataja chanjo. Mbwa huyo kachanjwa kichaa? Huko njiani mmepita vijiji vingapi vyenye mbwa wasio na mwenyewe? Nimefanya kazi hii miaka mingi na nasema kwa wote: mbwa wa mjini akishuka garini kijijini, mbwa wa pale humfuata kumnusa, na mdogo ndiye anayeng'atwa. Chanjo iwe hai, irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na kadi usafiri nayo.

Wakubwa mtakumbuka, kuanzia 2010 mikoa yetu ya kusini iliingia kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa cha mbwa, tukawa tunachanja kijiji kwa kijiji. Watoto walikuja na mbwa wamefungwa kwa kamba za katani, wengine kwa mkanda wa suruali ya baba. Kazi ile ilinifundisha kwamba watu huku hawawachukii mbwa kama tunavyosema. Mbwa wengi tuliowachanja walikuwa na wenyewe, tena wenye uchungu nao.

Na mtu aking'atwa: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Siyo pilipili, siyo mafuta ya taa. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa.

Kuhusu hifadhi, huyo dada wa simu hakukuonea. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sisi tuna Hifadhi ya Nyerere hapa Liwale, na mbwa mwitu wamo. Kashata wako anaweza kuwa mzima kabisa machoni na akaacha kitu kwenye kinyesi.

Mama Ufuta, Liwale

Mzee wangu Mstaafu kasema kweli, nami naongeza la kwangu.

Nilikuwa na kijibwa kinaitwa Sijali. Kadogo, masikio makubwa, kelele nyingi. Mwaka niliofungua shamba la ufuta karibu na pori nilihama naye. Nilimchukua anipe sauti usiku, maana kule ukilala peke yako hata panya anakuwa tembo. Mbung'o walikuwa wengi, wanafuata hata baiskeli. Mimi nilijifunga nguo nyeupe nyeupe kwa sababu niliambiwa bluu na nyeusi zinawaita. Sijali mwenyewe alikuwa mweusi ti.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kukonda huku anakula. Mara leo anachangamka, kesho amelala tu, mwili wa moto. Nikadhani minyoo. Halafu asubuhi moja namwona jicho la kushoto limefunga ukungu, rangi ya bluu bluu kama kikombe cha zamani. Jirani akasema kapigwa jicho la watu. Mwingine akasema nyoka kamtemea. Nilimbeba kwenye kikapu cha ukili juu ya bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo, akachukua damu, akasema ni nagana, mbung'o hao hao wanaoua ng'ombe. Akanionya nisije nikanunua dawa ya ng'ombe nikamchoma mwenyewe, kipimo kikizidi kidogo tu mbwa mdogo anaondoka.

Alipona. Jicho halikurudi vizuri. Aliishi miaka mingine minne, akibweka upande mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kumpeleka mbwa pori la Liwale kutembea, mimi namwomba asimpeleke.

Baba Kashata, Mtwara Mjini

Mzee Mstaafu, kachanjwa, kadi ipo, ila nakiri ilibaki nyumbani kwenye droo. Mama Ufuta, pole sana. "Akibweka upande mmoja" imenikaa.

Mwana wa Rondo, Lindi

Mimi nilimpeleka wa kwangu uwanda wa Rondo nilipokwenda kusalimia wazee. Baridi, ukungu asubuhi, hutaamini kama ni Lindi ile ile ya joto. Mbwa alifurahi mchana, shida ilikuwa usiku. Kuna komba kule, wadogo kuliko ngumi, yule anayeitwa komba wa Rondo ana gramu 60 hivi na yuko hatarini kutoweka duniani. Wanalia juu ya miti usiku kucha, na mbwa wangu naye akajibu usiku kucha. Saa nane babu akatoka na fimbo, sikujua kamfuata nani, mbwa au mimi.

Msituni kwenyewe sikumwingiza, na nashukuru. Komba wa gramu 60 ni mdomo mmoja tu kwa mbwa, hata huyo Kashata wenu wa kubebwa.

Jiwe la Masasi

Kilima cha Mkomaindo hapa Masasi, saa sita mchana, mwamba mtupu. Nyayo za mbwa zilibabuka akashuka kwa kubebwa. Kabla hujapanda weka kiganja chako kwenye jiwe, ukishindwa kuhesabu mpaka 7 usimpandishe. Sina zaidi.

Mchimbaji Asiye na Jembe, Lindi

Wa kwangu nilimpeleka kilima cha Tendaguru. Akanusa huku na huku, akakaa chini kwa huzuni. Nikamwambia umechelewa, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria hapa 1909 mpaka 1913, mfupa wako umesimama makumbusho ya Berlin.

Bi Mikindani

Assalaam alaykum. Nimesoma yote nikawa nacheka peke yangu jikoni. Mimi ni Mwislamu na nina mbwa wa ulinzi, analala nje, chombo chake na kata yake ya maji ni mbali. Naomba niseme jambo kwa wapenzi wa mbwa mnaosafiri, bila ugomvi.

Sisi watu wa madhehebu ya Shafii, mbwa akilamba chombo tunakiosha mara saba, moja wapo kwa udongo. Si chuki, ni utaratibu wa tohara, kama wewe usivyokula kwenye sahani iliyolambwa na paka. Sasa kuna mgeni alipanda Noah ya abiria hapa, mbwa kwenye begi, hakumwambia mtu. Begi likafunguka, ulimi ukapita kwenye buibui la mama mmoja aliyekuwa anawahi swala ya Ijumaa. Ilikuwa vurugu, dereva akamshusha yule mgeni njiani, na mimi nikamwonea huruma mbwa kuliko mgeni. Angeuliza mapema angepewa kiti cha nyuma mwisho, au angeambiwa subiri gari lingine.

Huyo bibi wa Newala kawafanyia adabu kubwa sana, sijui kama mmeiona. Kampa mnyama maji kwa sababu ana kiu, na kumpa maji mbwa mwenye kiu kuna thawabu, hilo tunafundishwa tangu chuoni. Akachagua kifuu ili asiharibu chombo chake wala asiwafukuze. Na maji yenyewe ya Newala!

Korosho Ghafi, Tandahimba

Narudi na kichwa chini. Nilidhani mada ya utani. Kumbe na mimi ninaye mmoja huku shambani, naomba kuuliza: salfa ikimwingia machoni naosha na nini?

Mstaafu wa Mifugo, Nachingwea

Maji safi mengi, usisugue, usitie maziwa wala chai. Mwoshe na manyoya kabla hajajilamba. Siku za kupuliza mfunge nyumbani mpaka vumbi litue, na bakuli lake la maji lifunike.

Jiwe la Masasi

Baba Kashata, ile kamba iliyokuokoa ukingoni ulinunua wapi?

Baba Kashata, Mtwara Mjini

Siyo ya dukani mkuu, ni kamba ya mbuzi nimeikata. Imefungwa kifuani kwa mbwa, siyo shingoni, vinginevyo pale ukingoni ningemnyonga.

Bi Mikindani, wa alaykum salaam. Tuliliona baadaye, njiani kurudi, mke wangu ndiye aliyelisema. Kile kifuu hatukukitupa, kimekaa chini ya kiti cha gari mpaka leo na ndicho Kashata anachonywea safarini. Mwezi wa kumi nilipita tena Newala kwa mambo ya korosho, peke yangu, nikasimama kumsalimia bibi. Akanitazama mgongoni kwanza. Kisha akauliza kifuu chake kiko wapi. Nikakitoa garini nikamwonyesha kwa mbali. Akasema hicho kimeshapata ufa, akaingia ndani akaniletea kingine.