Kapu la nguo chafu: gumzo la kikundi cha ukoo

Dada Rehema (Dar): Shikamooni wakubwa. Tenga la nguo chafu limepasuka tena, mshikio umeng'oka na ncha yake imechana khanga ya mama mkwe. La plastiki silitaki tena humu ndani. Natafuta kitu cha kukaa miaka. Tuko watu watano, na bafu lina kidirisha kimoja kidogo. Nishaurini.

Kaka Juma (Dar): La waya je? Kariakoo yamejaa.

Mama Mdogo (Unguja): Marahaba mwanangu. Juma, la waya hapana. Hewa ya bahari haina huruma na chuma, rangi ikibanduka tu kutu inaingia. Doa la kutu kwenye shati jeupe la shule halitoki kwa sabuni.

Mjomba (Iringa): Marahaba Rehema. Huku kwetu kina mama wanasuka vikapu vya milulu, aina ya nyasi ndefu, msuko wake umebana hasa. Ila vingi ni vidogo, vinafaa nguo za mtoto mchanga. Kwa watu watano utahitaji vitatu. Labda tenga la mianzi?

Dada Rehema (Dar): La mianzi niliona kwa jirani, chini yake kila asubuhi kuna unga unga mweupe.

Mjomba (Iringa): Hao ni fukusi, wako ndani ya mianzi yenyewe. Mianzi ikilowekwa majini wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa, wadudu hawaipendi sana, maana wanachofuata ni wanga. Muuzaji wa barabarani hatakwambia kama aliloweka. Tena vibanzi vinanasa nguo laini, lazima upige msasa ndani kote.

Shangazi (Tanga): Marahaba wanangu. Nilikuwa jikoni. Rehema, chukua kapu la ukili, ule utepe mrefu wa majani yaliyosukwa unaoshonwa kuwa kapu, ila la miyaa, majani ya mkoche, si la ukindu, majani ya mkindu. Ukindu ni laini, mzuri kwa mkeka wa kulalia. Miyaa ni migumu, ndiyo inayobeba mzigo. Kapu la miyaa lililoshonwa vizuri nimeliona likibeba nazi msimu hadi msimu, sembuse nguo.

Halafu tazama uzi. Siku hizi kapu linaitwa la ukili na limeshonwa kwa nailoni, na mengine yamesukwa kwa ile mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo, yanang'aa kweli. Pindua kapu, angalia mshono wa kitako. Ukiona uzi unaong'aa kama mshipi wa kuvulia samaki, rudisha. Mshono uwe wa miyaa yenyewe au kamba ya mkonge. Na mishikio ianzie kitakoni, ipite chini na kupanda upande wa pili. Ikishonwa ukingoni tu, ndipo kapu linapochanika kwanza.

Dada Rehema (Dar): Asante Shangazi. Na unyevu? Watoto wanatupa taulo mbichi humo humo.

Mama Mdogo (Unguja): Hapo ndipo makapu yanapokufa. Masika huku hata viatu kabatini vinaota ukungu. Taulo mbichi ianikwe kwanza, iingie kapuni ikiwa kavu. Piga msumari nyuma ya mlango wa bafu, watoto wajue taulo ni pale. Ndani ya kapu weka mfuko wa marekani, kile kitambaa cha pamba, wenye kamba za kufungia ukingoni. Siku ya kufua unatoa mfuko mzima na kuufua na nguo zake, kapu halilowi. Na chini weka vipande viwili vya mbao hewa ipite.

Kaka Juma (Dar): Mbao na mimi nitakuletea dada, nina masalio ya mninga.

Mama Mdogo (Unguja): Hapo umesema.

Dada Rehema (Dar): Likiloa kwa bahati mbaya niweke juani?

Shangazi (Tanga): Jua kidogo la asubuhi, kisha kivulini penye upepo. Jua kali la siku nzima linakausha miyaa mpaka inakatika. Likipinda umbo, linyunyizie maji, linyooshe kwa mkono, lijaze magazeti likauke hivyo hivyo. Miyaa ikipata maji hulegea, hata wasukaji huilowesha kabla ya kusuka.

Shangazi (Tanga): Ukitaka nimwagizie msukaji wangu, nipe vipimo. Tuseme kimo sentimita 60, upana 40. Ukili wenye upana wa sentimita 5 utazunguka mara 12, ongeza kitako na kifuniko, inakuja kama mita 20. Nitamwambia asuke pima 12, pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ili pawe na akiba ya kupandanisha mshono.

Mjomba (Iringa): Dada hesabu hizo umepiga kichwani?

Shangazi (Tanga): Mama yangu alikuwa anauza ukili kwa pima, umesahau? Rehema, kusuka ukili huo wote ni kazi ya mikono ya siku nyingi, kwa hiyo usimkate bei. Mlipe anachotaja.

Dada Rehema (Dar): Sitamkata Shangazi. Nimepima kona sasa hivi: upana sentimita 42, kwa hiyo 40 inaingia barabara. Rangi asiweke, nisije nikapata madoa kwenye nguo.

Shangazi (Tanga): Bila rangi. Na kifuniko?

Dada Rehema (Dar): Kiwe cha kuchomoa, mlango wa bafu unafungukia upande huo.

Shangazi (Tanga): Haya. Kesho asubuhi namfuata.