Kwenda Mafia kwa ajili ya vita vya 1915 na matumbawe: tupange vipi safari?

MwalimuKilosa

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nimewafundisha vijana Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki kwa kutegemea kitabu na ramani moja iliyochakaa ukutani. Mwaka huu nimedunduliza akiba kidogo, nami pamoja na mke wangu tunakusudia kwenda kisiwani Mafia kwa siku tano au sita, kwa kuwa nimesoma kwamba huko ndiko Waingereza walikoweka kituo chao walipokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg katika delta ya Rufiji. Mke wangu hana haja na mizinga. Anachotaka ni utulivu, na kuyaona matumbawe kwa macho yake, ingawa hajui kuogelea na bahari ameiona mara mbili tu maishani.

Ninaomba kujua, je, kuna chochote kinachoonekana leo kinachohusu vita hivyo, au nitakwenda kutazama minazi? Mabaki ya manowari yenyewe yanafikika? Na kwa upande wa mwenzangu, ni miezi gani bahari huwa safi, na mtu asiyejua kuogelea anaweza kuyaona matumbawe bila kuhatarisha maisha yake? Likizo zetu ni Juni na Desemba.

Bandarini

Mwalimu, karibuni Mafia. Mimi ni mzaliwa wa Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, na marehemu babu yangu alipenda kutusimulia habari za vita hivyo kama alivyozisikia kwa wazee wake, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na la kukuvunja moyo ili ukifika usijione umetapeliwa. Usitarajie jumba la makumbusho lenye mizinga iliyopangwa kwa mstari. Vita vya Mafia utaviona kwa kuitazama bahari yenyewe, kwa sababu kilichovileta huku ni kina cha maji. Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha, mitambo yake ikiwa na hitilafu, ikaenda kujificha ndani ya delta. Manowari kubwa za Kiingereza zilipoigundua mwishoni mwa Oktoba hazikuweza kuifuata, maana zingekwama kwenye mafungu ya mchanga kabla ya kufika. Nayo kwa kutoka ingekutana nazo mdomoni. Mabaharia wake walikata matawi wakayafunga kwenye milingoti, hata ukiwa baharini usijue ipi ni meli na upi ni mkoko.

Hapo ndipo Mafia ilipoingia. Januari 1915 askari wa KAR (King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha askari wa Kiafrika) waliteremshwa upande wa Kisimani, wakapigana na kikosi kidogo cha Wajerumani pale Ngombeni, na kisiwa kikaanguka baada ya muda mfupi. Waingereza walifyeka uwanja wa ndege, kwa kuwa bila jicho la angani hakuna mpiga mzinga ambaye angeona shabaha nyuma ya mikoko ile, kisha wakaleta kutoka Malta manowari mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil na ambazo zilielea kwenye maji ya kina cha mita mbili hivi. Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai, halikufaulu, na Mersey iliumizwa vibaya. Zilirudi tarehe 11. Siku hiyo ndege iliyokuwa ikielekeza mizinga ilipigwa ikaanza kuanguka, lakini waliokuwa ndani yake waliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha mpaka walipotumbukia mtoni, wakaokolewa na Mersey. Königsberg ilipoteketea, nahodha wake Max Looff aliamuru ilipuliwe.

Kuhusu mabaki yake, sikushauri kuyafuata. Kwa miaka mingi yalionekana juu ya maji, lakini sasa tope la Rufiji limeyameza. Mizinga yake 10 ya milimita 105 haikupotea nayo. Wajerumani waliiopoa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikaburutwa katika vita vya nchi kavu chini ya jemadari wao Lettow-Vorbeck. Mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa ile Pegasus, na ukiwa na nafasi siku moja wapeleke wanafunzi wako pale, kwa maana huko watakishika chuma chenyewe.

Jambo ambalo mimi ningekuomba uwaambie ni hili. Kabla ya manowari hiyo kuzama, sehemu za boila zake zilibidi kwenda kutengenezwa Dar es Salaam, na barabara haikuwepo wala reli ya upande ule. Zilivutwa porini na maelfu ya watu wetu, kwenda na kurudi. Jina la Looff liko vitabuni. La hata mmoja wa wale waliovuta kamba sijawahi kuliona, na jina la Kariakoo, ambalo vijana wako wanalitaja kila wanapokwenda sokoni Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa upande wa pili, wa Waingereza.

Shauri langu ni kwamba msije kwa ndege. Ndege kutoka Dar es Salaam ni ya dakika zisizofika 45, lakini utaruka juu ya kila kitu ulichokuja kukitafuta. Njooni kwa barabara mpaka Nyamisati, mpande kivuko cha Kilindoni. Nyamisati ni delta. Utatoka katikati ya mikoko ileile, utayaona maji ya rangi ya chai yakigeuka kijani na baadaye buluu, na hutahitaji mtu wa kukueleza kwa nini manowari kubwa hazikuingia.

MzamiajiTanga

Bandarini amemaliza habari za vita, nami nitajibu ya shemeji.

Kwa Mafia, Desemba ni bora kuliko Juni, tena kwa mbali. Juni ni kusi, upepo wa kusini, bahari ya mlango kati ya Nyamisati na Kilindoni huchafuka, na asiyeizoea atatapika njia nzima. Kaskazi, upepo wa kaskazini, likishaingia maji hutulia na kuwa maangavu, isipokuwa siku za mvua za vuli. Isitoshe, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi papa potwe hukusanyika upande wa magharibi, karibu kabisa na Kilindoni, kufuata dagaa na vijidudu vya baharini. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hamli mtu. Mwenzako anaweza kumwona akiwa amekaa ndani ya mashua: kwanza ni kivuli, halafu unatokea mgongo wenye madoadoa meupe, mpana kama meza ya kulia ya ukumbini, unapita taratibu chini ya ubavu wa chombo kana kwamba ninyi hampo.

Matumbawe yako upande wa pili, mashariki, katika ghuba ya Chole iliyozungukwa na Mafia yenyewe, Chole, Juani na Jibondo. Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Kutoka Kilindoni hadi Utende, kijiji kilicho kwenye ghuba hiyo, ni kama kilomita 15, na njiani kuna lango ambapo hulipwa ada ya kila siku, ya raia ikiwa nafuu kuliko ya mgeni kutoka nje, kwa hiyo msisahau vitambulisho. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu, ya Mafia yakiwemo, na baruti za wavuvi zilikuwa zimeshafanya uharibifu wake kabla ya hapo. Yapo mahali yaliyorudi vizuri, na mahali pengine utaona vifusi tu. Mwambieni mwenye chombo awapeleke kwenye matumbawe hai, naye anajua tofauti.

Asiyejua kuogelea asiogope. Avae jaketi la kuokolea hata kama maji yanamfika kifuani, avae miwani ya kuzamia na mrija, ashike boya lililofungwa kwenye mashua, aweke uso majini. Hayo tu. Ndani ya mita mbili au tatu ataona pono wakiyatafuna matumbawe (mlio wake husikika, kama mtu anayetafuna kashata), changu, na kwa bahati kasa. Asikubali kupelekwa kwenye mlango wa Kinasi, ambako maji ya ghuba yote huingia na kutoka. Kule ni kwetu sisi wenye mitungi ya hewa, na hata sisi huingia kwa kuvizia saa. Wala asikubali kutembea juu ya mwamba maji yakipwa ili "aone bila kuogelea". Tumbawe lililochukua miaka mingi kukua huvunjika kwa hatua moja, na mguu nao hautoki salama.

Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kutotazama mwezi. Nilifika siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, nikakodi mashua kwa mtu ambaye aliniahidi kunitoa asubuhi na kunirudisha mchana. Tulipotaka kurudi maji yalikuwa yamekimbia, tukakaa juu ya fungu la mchanga zaidi ya saa tatu tukiwa na chupa moja ya maji, jua la utosi, naye akinieleza kwa upole kwamba bahari si daladala.

MwalimuKilosa

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Tumekubaliana Desemba, na kwenda kwa njia ya Nyamisati. Mke wangu amesoma habari za papa potwe mara tatu, na sasa ni yeye anayenihimiza mimi.

Nina mawili yaliyobaki. Bandarini ametaja Kisimani. Je, panafaa kutembelewa? Na kisiwa cha Chole, ambacho nimesoma kwamba kilikuwa makao ya Wajerumani, kinahusiana vipi na vita? Ningependa pia kujua siku za mwezi zinazofaa, maana sisi watu wa bara tunautazama mwezi kwa ajili ya Ramadhani tu.

BintiChole

Mwalimu, hamjambo. Kisimani ulikuwa mji wa kale kabla ya Wajerumani na Waingereza, lakini bahari imeula karibu wote. Utakuta masalia machache ya kuta ufukweni na vigae vya vyungu mchangani, ambavyo nakuomba uviache palepale. Kama lengo ni kusimama mahali askari wa KAR walipoteremkia, nenda. Kama unataka magofu, nenda Kua, kwenye kisiwa cha Juani, mji ulioshambuliwa na kuangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kuna msikiti na kuta za nyumba kubwa, zote za mawe ya matumbawe, zimesimama ndani ya kichaka.

Chole kwetu ni karibu sana, unavuka kwa mashua kutoka Utende. Wajerumani walirithi mji uliokuwa wa Waarabu wa Omani, wakajenga boma na gereza, lakini mwaka 1913 walihamishia makao Kilindoni, kwa sababu meli kubwa hazikuweza kusogea huku. Kwa hiyo vita vilipokuja, Chole ilikuwa imeshaachwa, na hayo yanaafiki aliyosema Bandarini kuhusu kina cha maji. Leo mizizi ya miti imelikumbatia gereza hilo hivi kwamba hujui kama inalibomoa au inalishikilia. Nyuma yake wapo popo wakubwa wanaolala mchana wakiwa wamening'inia kwenye miti, nao wanalindwa. Msipige makofi ili waruke, hata mwongozaji akisema hakuna neno. Mkipita ufukweni mtawakuta mafundi wa majahazi wakifanya kazi kwa shoka na tezo, bila mchoro wowote wa karatasi. Wasalimieni kwanza, kisha ndipo muombe kupiga picha. Shemeji awe na kanga ya kujifunga atokapo majini.

Kuhusu mwezi, hesabu yake si ngumu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake, kama siku ya nane au ya tisa, ni maji mafu, ambapo mkondo ni mdogo. Fikeni mwezi ukiwa na siku nane. Siku tatu za mwanzo ni za shemeji, kwani maji hujaa kabla ya adhuhuri, yametulia, nayo hayatawakimbia kama yalivyomkimbia MzamiajiTanga. Siku ya 12 na ya 13 ni zako wewe, kwa ajili ya Kua, kwa kuwa mkono wa bahari unaoingia kule kupitia mikoko hupitika maji yakiwa yamejaa tu, na siku hizo hujaa alasiri. Muulizeni nahodha saa ya kurudi kabla hamjapanda, siyo mkishafika.