Kumwita Mboni "mtoto wa msitu": je, ni kumsifu?

Mzee wangu aliyetangulia kusema ameyatetea maneno yanayopendekezwa kuandikwa kwenye ubao wa wageni hapa Lamu, ambayo yanawaeleza Waboni, wawindaji na warina asali wa misitu ya Lamu, kuwa ni watoto wa msitu, wasiojua tamaa wala hila, watu ambao dunia haijawaharibu. Hoja yake ni kwamba hiyo ni sifa, na si haba kwa watu ambao sisi wa mjini tumewaita washenzi miaka nenda miaka rudi. Kwa heshima zote, naona sifa hiyo ni tusi lilelile lililovishwa kanzu.

Dhana yenyewe ina asili yake. Mshairi Mwingereza John Dryden, katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1672, alimfanya shujaa wake ajigambe kuwa yu huru kama mshenzi muungwana aliyekimbia mwituni kabla sheria za utumwa hazijaanza. Wengi humbebesha mwanafalsafa Rousseau maneno hayo, ilhali hayamo katika risala yake ya mwaka 1755 kuhusu kutolingana kwa binadamu. Mwaka 1853 mwandishi Mwingereza Charles Dickens akaikejeli dhana hiyo, akaandika kwamba mshenzi anafaa kustaarabishwa hadi atoweke duniani. Mmoja alimsifu, mwingine alimtakia kutoweka, na yeye mwenyewe hakupewa nafasi ya kusema, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa ya wao kwa wao. Sisi wa Lamu tungepaswa kulishtukia jambo hili mapema, maana kwetu muungwana na mshenzi hawakukaa baraza moja: muungwana alikuwa mzaliwa huru mwenye nasaba, na mshenzi alikuwa mtu wa bara ambaye, enzi za biashara ya watumwa, aliweza kukamatwa na kuuzwa.

Linaloniuma zaidi ni namna sifa hii inavyowanyang'anya watu elimu yao. Mtazame mtu anayetafuta asali. Hupiga mbinja, akasikiliza. Ndege wa asali akilia, humfuata mti hadi mti, akijua mlio wa kuita na mlio wa kwamba mzinga u karibu. Huwasha ukuti, akawafukiza nyuki, akapasua palipo na masega, na nta humbakia ndege. Hayo hayazaliwi na mtu. Amefundishwa na baba au mjomba, amekosea, ameumwa na nyuki, amerudia. Fundi wa jahazi wa Matondoni tunamwita fundi, na huyu twamwita mtoto wa msitu, kana kwamba ujuzi wake ni kama mbio za paa. Ni kweli kwamba msitu wanaujua kuliko sisi, na hapo mzee wangu yuko sahihi. Lakini kujua ni kazi ya akili.

Tena hao tunaodai kuwa dunia haijawagusa, dunia imewagusa kwa nguvu. Wakati wa vita vya Shifta, vya waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya miaka ya 1960, walitolewa msituni wakawekwa katika vijiji vya kando ya barabara ya Kiunga. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na chakula cha baba zao kikawa kosa la jinai. Katika miaka ya karibuni shule za Basuba, eneo lao, zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya usalama. Anayesifiwa kuwa hahitaji kitu ni rahisi kunyimwa mwalimu.

Nilikuwapo gatini Mokowe siku mgeni mmoja mwenye kamera alipomwomba mwanamume wa Kiboni avue shati na aifiche simu yake. Bwana huyo alikuwa amekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha bintiye, karatasi zake zimo katika mfuko wa plastiki, amezikunja mara mbili. Aliniuliza, "Huyu ataka kumpiga picha nani?" Sikuwa na jibu, na hata leo ninaona haya kwa kunyamaza kwangu.

Kwa hivyo ninamwomba mzee wangu jambo moja. Kabla ubao haujaandikwa, maneno yake yapelekwe katika vijiji vyao vya Mangai, Bargoni na Pandanguo, yasomwe mbele ya wazee na akina mama, waulizwe pia kama wanataka jina la Waboni tunalowaita sisi au la Aweer wanalojiita wenyewe. Mimi niko tayari kuyabeba.