Mmetufungia brauza ili mtupe brauza ile ile?

Wadau, leo nina hasira na sizifichi. Kampuni inayotuuzia mfumo wa kufuatilia mizigo (jina nalihifadhi) imetuzuia kuingia kwa Chrome. Eti lazima tupakue "programu ya kompyuta". Niko ofisi ya wakala wa forodha hapa Shimanzi, mashine zetu nyingi ni mitumba ya RAM 4GB. Haya, tukapakua, bando likaliwa, kufungua... tovuti ile ile! Hata lile kosa la tahajia kwenye ukurasa wa ankara lipo pale pale.

Nikachungulia folda ya programu, nikakuta faili la LICENSES.chromium.html. Kumbe ni Electron, ile zana ya kutengenezea programu za kompyuta iliyotoka kampuni ya GitHub mwaka 2013 ikiitwa Atom Shell. Inafunga tovuti pamoja na Chromium nzima, yaani brauza ambayo Chrome yenyewe imejengwa juu yake. VS Code, ile ya kuandikia msimbo wa programu, imejengwa hivyo hivyo na siilaumu, ina kazi zake kwenye mashine. Hii yetu ina kazi gani? Mtandao ukikatika unabaki na ukurasa mweupe.

Linaloniuma zaidi ni Ctrl+F, ile ya kutafuta neno kwenye ukurasa. Meli ikishusha Kilindini, orodha ya kontena haina mwisho. Zamani nabonyeza, naandika tarakimu nne za mwisho, nimelipata. Sasa nabonyeza, kimya. Electron haiji na kisanduku cha kutafuta, mtengenezaji ndiye hukiweka, na hawa hawakujisumbua. Nashuka na orodha mstari kwa mstari, mteja yuko kwenye simu: "Bado tu, bwana?" Kufungua kurasa za kontena mbili ubavu kwa ubavu ndiyo sahau.

Na usalama je? Chrome hujisasisha. Chromium iliyofungiwa humo inangoja jamaa hawa watoe toleo jipya. Sehemu ya anwani wameiondoa, ukipelekwa ukurasa wa kulipia hujui uko kwa nani.

Kama shida yao ni tuwe na ikoni kwenye kompyuta, Chrome na Edge zinasakinisha tovuti kama programu, inafunguka kwenye dirisha lake, injini ile ile uliyo nayo. Niliwaandikia hivyo. Jibu la huduma kwa wateja: "Tafadhali sasisha programu." Yakhe!

Kuna mtu humu bado anaingia kwa brauza? Tuambiane njia. Mkataba wetu unakaribia kuisha na bosi keshaanza kuulizia bei kwingine.