Kiholanzi kinanivuruga kwenye Kijerumani, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nilikaa Rotterdam miaka 6, Kiholanzi kikaniingia. Sasa nipo Köln najifunza Kijerumani, na nilichodhani ni msaada ndicho kinanivuruga. Kule vineno vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake ni "de" na "het" tu. Huku kuna der, die na das, tena vinabadilika kufuatana na kazi ya neno kwenye sentensi. Het boek (kitabu) ni das Buch, sawa, lakini de auto (gari) eti ni das Auto! Afadhali ngeli zetu, kitabu kinajitambulisha chenyewe. Matamshi nayo: "g" bado naikwaruza kooni, "zehn" (kumi) naanza na "z" badala ya "ts". Mliopitia njia hii, jinsia za nomino mlizikaririje? Na "ch" ya "ich", ulimi unakaa wapi?